Mlango wa Mfua Fedha

Siku moja ya upepo na mvua ya mawe naikumbuka kuliko siku zangu nyingine zote, mwanangu, hata kuliko siku niliyoolewa. Nimekaa na habari yake miaka mingi bila kuisimulia. Lakini tangu tumzike mume wangu, Makori, watu huja kunipa pole, wanakunywa chai, wanaomba, wanaondoka, nami nikibaki peke yangu nayakumbuka mambo ambayo yeye na mimi tu ndio tuliyajua vizuri. Nikiyanyamazia, yatazikwa nami. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo usitafute maneno makubwa humu. Nitakuambia yaliyotokea kama yalivyotokea, na pale nilipokuwa mjinga sitajipamba.

Niliolewa Nyamira, kwenye mlima ulio juu ya Magwagwa, miaka michache baada ya uhuru. Nilitoka kwetu Nyakoe na sanduku la bati na woga mwingi. Makori alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi, basi mimi niliishi na wazazi wake: baba mkwe, Mzee Ogeto, na mama mkwe, ambaye kila mtu alimwita Mama Makori.

Mzee Ogeto alikuwa mhunzi, mwana wa mhunzi. Baba yake alifua majembe na mikuki, akafua na ebitinge. Ninyi wa leo huenda hamjaziona. Zilikuwa pete za chuma ambazo mke aliyeolewa kwa taratibu zote alivishwa miguuni, na hakuzivua maadamu mumewe yu hai. Akitembea, unamsikia kabla hujamwona. Mzee Ogeto alipokuwa kijana alikwenda Kisumu, akawa mvuta mivukuto kwa sonara mmoja Mhindi, na huko akajifunza kuyeyusha madini ya fedha na kuyatengeneza. Aliporudi nyumbani alikuta majembe yanauzwa dukani, na kanisa limewavua wanawake ebitinge zao. Mhunzi mwingine angekaa chini akalia njaa. Yeye alianza kufua vidani.

Vilikuwa vidani vidogo, hakuna kilichozidi ukucha wa kidole gumba, kila kimoja na kitundu juu cha kupitishia uzi au mkufu. Alivifua kwa sura ya vitu vya kale: pete ya mguuni kama zile za baba yake, kigoda cha miguu mitatu, kibuyu cha maziwa, kikapu cha wimbi, na obokano, zeze letu kubwa, na nyuzi zake zikionekana moja moja kama nywele. Fedha aliipata kwa vikongwe waliokuwa wamefukia rupia za zamani kwenye majivu ya jikoni. Mama mmoja mwenye duka mjini Kisii alivichukua vidani, akavitunga pamoja na shanga, akawauzia wanawake wanaofanya kazi maofisini. Wasichana wale hawakuwahi kukanyaga nyumba yenye kibuyu, lakini walikipenda kibuyu shingoni.

"Kanisa liliwavua mama zao miguuni," Mzee Ogeto alipenda kusema, "mimi nawavika binti zao kifuani."

Mama Makori alikuwa mtu wa Sabato, hakuvaa hata hereni ya shanga. Alimjibu, "Sema polepole. Mchungaji akisikia atauliza sadaka yetu inatoka wapi."

Sasa nikueleze jambo ambalo bila hilo hutaelewa mengine. Kwetu kuna heshima inayoitwa chinsoni. Ni heshima yenye haya ndani yake, kati ya mtu na wakwe zake, na kati ya wazazi na watoto wakubwa. Mke wa mtoto hakumgusa baba mkwe wake. Hakumpa kitu mkono kwa mkono. Hakumtazama usoni akamwambia hivi na hivi. Na zaidi ya yote hakuingia mahali anapolala mzee huyo, akaona kitanda chake. Mzee Ogeto alilala na kufanya kazi katika nyumba moja, nyumba ndogo ya nyasi iliyosimama peke yake uani, esaiga yake. Kwa hiyo nyumba ile kwangu ilikuwa kama moto. Niliipita kwa mbali nikitazama chini.

Lakini mikono yangu ilikuwa mizuri. Mama Makori aliigundua siku moja aliponipa kidani kimoja nikisugue kwa majivu laini na maji ya ndimu, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechoka. Kilipong'aa alikipeleka kwa mumewe bila kusema ni nani aliyekisugua. Mzee alikigeuza geuza, akasema, "Mikono hii si yako." Tangu siku ile kazi ya kusugua ikawa yangu.

Tulifanyaje, na chinsoni ipo? Kati ya esaiga na jikoni kulikuwa na jiwe pana. Mzee aliweka bakuli la vidani juu ya jiwe, akarudi ndani. Mimi nilitoka, nikalichukua. Nilipomaliza nililirudisha jiweni, nikaenda zangu. Hatukukutana. Na kama alikuwa na neno, alimwambia kuku. Ndiyo, mwanangu, kuku. Kulikuwa na kuku mwekundu mzee, ameshaacha kutaga, akizunguka pale mchana kutwa.

"Kuku," alisema Mzee kutoka ndani, "mwambie aliyesugua kibuyu kwamba amekisugua mpaka shingo imekonda. Tunauza vibuyu, hatuuzi sindano."

Nami nyuma ya ukuta wa jikoni nikajibu, "Kuku, mwambie mwenye tupa kwamba shingo ilikuja imekonda hivyo hivyo."

Nikajuta, nikashika mdomo. Kisha nikasikia kikohozi, kile cha mtu anayezuia kicheko. "Kuku, siku hizi una mdomo. Wamekufundisha kule Nyakoe?"

Mama Makori alitikisa kichwa, akaniambia, "Kuku huyu akifa, boma hili litakuwa la mabubu."

Hivyo ndivyo nilivyomjua baba mkwe wangu, kwa masikio. Nilijua tupa yake inavyolia akikwangua ukingo, na inavyolia akichimba nyuzi za obokano. Nilijua nyundo yake ndogo. Nilijua anapolehemu, kwa sababu wakati ule hunyamaza na kuzuia pumzi, fedha isimwagike upande. Lakini usidhani nilikaa kwa raha. Kuwa mke mgeni ni kubeba mtungi uliojaa maji penye utelezi. Kila siku niliogopa: nimepita karibu mno? Nimecheka kwa sauti? Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, changa, sijamwambia mtu ila Makori, na nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba anayevunja chinsoni huleta ugonjwa kwa mtoto wake. Nilitembea nikiwa nimeshika tumbo kana kwamba mtu anataka kuninyang'anya.

Siku ninayokuambia ilikuwa siku ya soko la Keroka. Mama Makori aliondoka asubuhi na ndizi zake. Mwenye duka wa Kisii alikuwa amehimiza vidani, kuna arusi kubwa mjini na bibi arusi anavitaka kwenye mkufu wake, basi Mzee alikuwa akifanya kazi tangu kulipopambazuka. Mimi nilikaa jikoni nikichambua kunde, nikingoja bakuli la mwisho.

Baada ya saa sita upepo ulianza. Upepo wa mlimani kwetu, ukija mbele ya mvua ya mawe, huingia kila mahali. Nikamsikia Mzee akilalamika, "Huu unaniibia." Alikuwa na maana ya vumbi la fedha. Akikwangua, vumbi lile huanguka kwenye ngozi ya mbuzi aliyoitandika magotini, na baadaye hulikusanya akaliyeyusha tena. Upepo ukiingia, hulichukua. Nikasikia akitia gunia dirishani. Kisha nikasikia mlango unafungwa. Na jiko lake la makaa lilikuwa mle mle ndani, limewaka.

Sikufikiri kitu. Tupa ikaendelea kulia.

Halafu ikanyamaza.

Nilisema moyoni, analehemu. Nikachambua jani moja, nikachambua la pili, huku natega sikio. Kulehemu hakuchukui muda mrefu. Nikasema, labda ameketi kupumzika. Nikasema, labda amelala, mtu mzima, ameamka mapema. Nikatoka mpaka kwenye jiwe. Bakuli halikuwapo. Kuku alikuwa amejibanza chini ya ukingo wa nyasi, manyoya yake yamepeperushwa.

"Kuku," nikasema, "muulize mwenye tupa kama bakuli liko tayari."

Hakuna jibu.

"Kuku, mwambie mwenye tupa kwamba mawe yanakuja."

Hakuna.

Nikarudi jikoni. Nikachambua kunde zilizobaki zote, vibaya, majani na mashina pamoja. Nikatoka tena. Nikaenda mpaka kwenye ua, nikatazama shamba la chai la Mzee Ombati, mdogo wake baba mkwe, ili nimwite yeye aingie. Yeye ni ndugu, angeweza. Shambani hapakuwa na mtu. Watu walikuwa wameliona wingu, wamekimbia. Nilitaka kupiga mayowe, lakini kwetu mwanamke akipiga mayowe mlima mzima unajua kuna kifo. Itakuwaje nikipiga mayowe, watu wakakusanyika, na mzee atoke akipangusa usingizi machoni? Nitaitwa nani tangu siku hiyo?

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilikwenda nikasimama mbele ya mlango wa esaiga. Nikaweka kiganja juu ya mbao, nikakiondoa. Nikakohoa kwa sauti. Nikaita, "Baba!" jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Kwenye upenyo wa mlango ilitoka hewa ya moto, nzito, isiyo na moshi. Na nilipoweka sikio nikasikia mkoromo. Haukuwa mkoromo wa mtu aliyelala. Ulikuwa unavuta, unakatika, unakaa, halafu unavuta tena kwa shida.

Hata hapo, mwanangu, sikuingia mara moja. Nakuambia kweli. Nilisimama nikifikiria kitanda chake.

Kisha mkoromo ukakatika ukachelewa kurudi, na mkono wangu ukausukuma mlango kabla sijaamua.

Ndani kulikuwa giza. Makaa yalikuwa mekundu. Alikuwa ameanguka ubavu karibu na fuawe, tupa bado mkononi, na kuzunguka uso wake sakafu iling'aa kwa vumbi la fedha. Nilimshika makwapani nikamvuta. Kichwa changu kilianza kuzunguka mle mle. Alikuwa mzito, na koti lake lilinasa kwenye mguu wa kitanda, nikalivuta mpaka likachanika. Nilimtoa nje mpaka kwenye majani, na hapo ndipo mawe yalipoanza kuanguka, makubwa kama mbegu za mahindi, kisha makubwa zaidi. Sikuwa na nguvu ya kumvuta tena. Niliinama juu yake nikafunika uso wake kwa kifua changu, kichwa chake nimekipakata, na mawe yakanipiga mgongoni.

Alitapika. Akavuta pumzi, ndefu. Nikaanza kulia.

Wakati huo huo Mzee Ombati aliingia uani akikimbia, gunia kichwani, akitafuta mahali pa kujikinga. Akasimama kwenye mvua.

"Kerubo! Unafanya nini?"

"Mzee, alizimia. Alifunga mlango na makaa yako ndani."

"Nakuuliza mikono yako iko wapi!"

Mikono yangu ilikuwa chini ya kichwa cha baba mkwe wangu. Sikuiondoa. Ningeiondoa, kichwa kingegonga chini.

Alinisaidia kumbeba mpaka nyumba ya Mama Makori, lazima niseme hivyo, maana alikuwa mtu wa mila lakini hakuwa mtu mbaya. Alipomlaza ndugu yake alinigeukia. "Toka humu sasa. Umeingia kwake?"

"Niliingia."

"Umekiona kitanda?"

"Nilikiona."

Akajishika kichwa kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Mama Makori aliporudi kutoka soko, alisimuliwa yote akiwa bado na kikapu mgongoni. Alikuja jikoni akanitazama muda mrefu. Mume wake alikuwa anahema lakini hasemi, kichwa kinampasuka, macho amefumba. Nilitamani anipige kuliko anavyonitazama. Akasema, "Umeniokoa au umeniua, bado sijui," akatoka.

Siku zile alizolala Mzee Ogeto bila kusema zilikuwa siku za hukumu kwangu. Akifa, watasema nimemuua kwa kuvunja chinsoni. Akipona, aibu itamfanya asiweze kukaa boma moja nami. Njia zote mbili ziliishia Nyakoe, kwa baba yangu, na sanduku langu la bati na mimba yangu. Mzee Ombati alikuwa ameshasema: mwanamke huyu arudi kwao mpaka mambo yatakaswe, na baba yake alete mbuzi wa kutakasa. Baba yangu hakuwa na mbuzi wa kutoa. Na mwanamke akirudishwa, mwanangu, njia ya kwenda ni fupi, ya kurudi ndiyo haina mwisho.

Makori alipata habari kwa dereva wa lori, akaja kutoka Kericho. Aliketi mbele yangu jikoni, kofia mkononi.

"Ulimgusa?"

"Nilimgusa."

"Hukupata mtu mwingine kabisa?"

"Nilimpata kuku."

Alinitazama, akaanza kucheka, kisha nikaona machozi yanamtoka. Alikuwa kijana kama mimi, ameogopa kama mimi. Kumpoteza baba au kumpoteza mke, hakujua aombe nini.

Asubuhi moja Mzee Ogeto aliomba uji. Akanywa. Akaomba kigoda chake kipelekwe uani, na ndugu yake aitwe. Mimi nilikaa jikoni, mgongo ukutani, nikisikia kila neno.

Mzee Ombati alianza. Alisema vizuri, sikatai. Alisema dunia inabadilika, pareto imekuja, chai imekuja, kanisa limekuja, lakini chinsoni ndiyo nguzo iliyobaki, na mwacha mila ni mtumwa. "Simchukii binti wa watu," akasema. "Lakini leo ameingia kwa sababu ya makaa. Kesho mwingine ataingia kwa sababu ya chumvi."

"Umemaliza?" Mzee Ogeto aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza.

"Nimemaliza. Na kitanda chako amekiona."

"Kitanda changu mguu mmoja ni wa kuazima. Mwenye kuona haya hapo ni seremala."

"Wewe unafanya mzaha, Ogeto."

"Sina mzaha. Mama Makori, muulize huyo aliye jikoni: tupa iliponyamaza, yeye alikuwa wapi?"

Mama Makori alikuja mlangoni. Nilijibu kwa kumtazama yeye. "Nilikuwa hapa hapa."

"Alijua kwamba imenyamaza?"

"Nilijua."

"Muulize alifanya nini."

"Nilingoja. Nilichambua kunde. Nilikwenda kwenye ua kumtafuta Mzee Ombati. Nikarudi nikasimama mlangoni."

"Mlangoni alikuwa anangoja nini?"

Ningeweza kusema nilikuwa natafuta kamba, au nilikuwa nasikiliza. Nani angejua? Lakini nilishindwa kusema uongo mbele ya mwanamke yule. Nikasema, "Niliogopa watu watasema nini."

Nilimsikia Makori akivuta pumzi. Kisha Mzee Ogeto akasema, "Basi hapo ndipo alipokosa."

"Umeona!" Mzee Ombati akasema. "Hata wewe umesema."

"Nyamaza, Ombati, sijafika. Hakukosa kwa kuingia. Alikosa kwa kuchelewa." Alisita, akapumua. "Mama Makori, mwambie hivi. Mimi nilikuwa chini, nasikia. Mwili umekataa lakini masikio yapo. Nilimsikia akikohoa mlangoni. Nilimsikia akiniita baba. Nikasema moyoni, ingia, binti yangu, ingia. Akakaa kimya. Mwambie sijawahi kuogopa namna ile, hata nilipokuwa mtoto. Nilimsikia mtu wa kuniokoa amesimama hatua chache tu kutoka kwangu, na kilichomzuia ni heshima yangu mimi mwenyewe."

Mzee Ombati aliinamisha kichwa.

"Chinsoni waliiweka baba zetu ili tuweze kuishi boma moja bila kuumizana," Mzee Ogeto akaendelea. "Hawakuiweka ili mtu afe peke yake mchana, na watu wako nje. Heshima inayomlinda maiti ni heshima ya nani? Mwambie, siku nyingine akisikia nimenyamaza, asimuulize kuku."

"Na utakaso?" Mzee Ombati akauliza, kwa sauti ya chini sasa.

"Mbuzi atachinjwa. Mila ni mila. Lakini hatatoka Nyakoe. Nitamtoa mimi. Aliyefunga dirisha kwa kuhurumia vumbi ni nani? Nilitaka kuokoa fedha isiyojaza kijiko, nikakaribia kuwaachia kaburi. Kwa nini baba wa mtu alipie ujinga wangu?"

Mbuzi alichinjwa. Mzee Ombati mwenyewe alisema maneno yanayosemwa, akala nyama vizuri. Sikurudi Nyakoe. Mtoto wangu alizaliwa salama, mwenye sauti kubwa. Usifikiri chinsoni iliisha. Sikuingia tena esaiga ile, wala Mzee Ogeto hakunitazama usoni mpaka alipofariki, miaka mingi baadaye, kwa uzee. Bakuli liliwekwa jiweni kama kawaida. Kilichobadilika ni dirisha. Lilikaa wazi siku zote, upepo ukichukua vumbi lake, naye akisema acha upepo nao uvae.

Mwanangu, miaka imepita, lakini swali lile, "Alikuwa anangoja nini?", halikuniacha. Makori alipoanza kushika kifua chake shambani, akinyamaza, akisema ni uchovu, watu walisema mwache, mwanamume hapendi kufuatwafuatwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sikumwacha. Nilimsumbua, nikamkasirisha, nikafunga nguo zake kwenye mfuko bila ruhusa, nikampeleka hospitali. Daktari alisema tumekuja mapema. Tulipata naye miaka mingine, mizuri, mpaka kifo kilipokuja kwa wakati wake. Namlilia, ndiyo. Lakini silii kwa kujiuliza.

Nasaha yangu ndiyo hii. Waheshimu wazee wako, shika mila uliyoikuta, usiivunje kwa kiburi wala kwa kuonekana mjuzi. Lakini ukisikia kimya ambacho si cha kawaida, kwa jirani, kwa rafiki aliyeacha kupokea salamu, kwa mkwe wako, kwa mwenzako kitandani, usisimame ukihesabu watu watasema nini. Watu watasema. Hilo halina dawa. Walisema juu yangu, kisha wakachoka. Aibu ya kuingia bila kuitwa huisha kwa mbuzi mmoja na maneno machache. Lakini ukichelewa, hakuna mbuzi wa kuchinja. Na wewe unayejifungia ndani ili kuokoa kitu kidogo, iwe mali au sifa, fungua dirisha. Na ukiulizwa ulikuwa wapi, sema kweli, hata kama kweli hiyo inakufukuza nyumbani, kwa maana wanaokupenda hawawezi kukusaidia kwa habari ya uongo.

Mungu akujalie wazee wa kuwaheshimu, na akujalie ujasiri wa kuwasumbua. Akupe masikio yanayosikia kilichonyamaza. Na siku utakapokuwa wewe ndiye umelala chini, mwili umekataa na mdomo hausemi, akuletee mtu anayekuheshimu kiasi cha kutongoja ruhusa.